Mzee Aliyetaka Kurudishiwa Mvi Zake

Nyie mnaojifunza ususi siku hizi mna bahati ambayo sisi hatukuipata. Mteja anakuja na simu, anawaonyesha picha, anasema nataka hivi. Sisi tuliletewa maneno matupu. Mtu anakaa kwenye kiti anakwambia anataka rangi "ya kawaida", na hapo ndipo unapogundua kwamba kila mtu ana kawaida yake.

Kwa ambao hamnijui, mimi ni Ma Koku. Nilikuwa na saluni Hamugembe, hapa Bukoba, migomba nyuma, barabara mbele, na kioo kimoja kikubwa kilichopasuka kwenye kona. Nimestaafu kwa sababu ya magoti. Mikono bado ingeweza. Binti yangu ndiye anaendesha saluni sasa, na ndiye aliyeniomba nikae nanyi niwaeleze habari za rangi za nywele, maana anasema mnapaka bila kufikiri. Sijui kama ni kweli. Mimi nitawaeleza ya Ta Rwegasira, "Ta" kwetu ni kama kusema mzee, halafu mtaamua wenyewe.

Ila kwanza mjue tulikotoka.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mama Zuhura, mwanamke aliyekuja Bukoba kwa meli kutoka Mwanza akapanga chumba karibu na soko. Wakati huo rangi ya nywele ilikuwa moja, nyeusi, na tuliiita piko. Unga mweusi, maji kidogo, unakoroga kwenye kikombe usichokipenda, unapaka kwa mswaki uliochoka. Mama Zuhura alikuwa mkali kwa mambo mawili. La kwanza, mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikioni kabla ya kugusa nywele, la sivyo mteja anaondoka na kivuli cha kofia asiyoivaa. La pili, piko kidogo nyuma ya sikio, kisha mteja arudi kesho, kwa sababu ngozi nyingine hazipatani nayo. Kuna mwanamume mmoja alikataa kurudi kesho, akasema yeye ngozi yake ni ngumu. Asubuhi yake uso ulikuwa umevimba hivi kwamba mke wake alimkaribisha sebuleni kama mgeni na kumuuliza amemletea habari gani. Alipona, lakini tangu siku hiyo alikuwa akivuka barabara akiniona.

Na jambo jingine ambalo hamwezi kulielewa vizuri nyie: piko ilikuwa siri. Piko nzuri ni ile ambayo hakuna aliyeiona. Mtu alipaka ili aonekane hajapaka. Mama Zuhura hakuwasalimia wateja wake sokoni, na wao hawakumsalimia. Tulikuwa kama waganga wa kienyeji, tofauti yetu ni mswaki.

Waliokuja kubadilisha mambo ni vijana wa visiwani, wavuvi wa dagaa kutoka kule Muleba. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, na vijana wakipumzika wanakuja mjini. Walianza kuja kwangu wakitaka dhahabu. Nikauliza dhahabu ipi, wakasema ile ya wacheza mpira. Nikajifunza blichi, ile dawa inayoondoa rangi kwenye nywele, mwanzo kwa wasiwasi, baadaye kwa raha. Mmoja wao, Sadiki, alikuwa mteja wangu wa kila mbalamwezi. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua wakati samaki hawamtazami. Akanijibu bila utani: "Ma Koku, kule kazini tunavaa sare moja ya matope na tunanuka harufu moja. Kichwa ndicho kitu changu."

Nikamwelewa. Tangu hapo nikawa na wateja wa aina mbili. Wanaopaka ili wasionekane, na wanaopaka ili waonekane. Chombo kimoja, kiti kimoja, kioo kimoja.

Sasa Ta Rwegasira.

Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi huko Kamachumu, mjane, mtu wa kanisa, mrefu, na kichwa chake kilikuwa cheupe kama pamba. Kilikuwa cheupe tangu akiwa mtu wa makamo. Kwao ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo, na nadhani ule weupe ulimsaidia sana kupewa heshima hiyo. Akisimama kwenye kikao watu walinyamaza kabla hajafungua mdomo.

Alikuja saluni amevaa kofia, akasubiri wateja wengine wote watoke. Kisha akaivua na kuniambia anataka nywele nyeusi. Nikamuuliza kuna nini. Akazunguka sana, akapitia bei ya kahawa, akapitia mvua, mwishowe akatua Rwamishenye. Kule Rwamishenye kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye kiduka cha vitambaa, Ma Advera. Walikutana kwenye harusi ya mpwa wake, wakazungumza, akarudi tena na tena kununua vitambaa mpaka nyumbani kwake hakuna dirisha lisilo na pazia jipya. Alitaka kumposa. Lakini alisikia ndugu mmoja wa yule mama akimwita "yule babu".

"Yule mama hana hata unywele mmoja wa mvi," aliniambia. "Atafanya nini na mtu kama mimi?"

Mimi nilikuwa nakoroga piko. Niliendelea kukoroga, macho kwenye kikombe. Ma Advera alikuwa mteja wangu wa miaka mingi. Alikuja kila mara asubuhi kabla sijafungua, nafunga pazia, nampaka, anajifunga kitambaa chake na kuondoka. Kama si piko angekuwa mweupe kumshinda Ta Rwegasira. Lakini siri ya mteja haitoki mdomoni mwa msusi, hata kama imekaa ulimini inatekenya. Shikeni hilo. Nilimpaka yule mzee, nikamsuuza, nikamgeuzia kioo. Alijitazama mbele, akajitazama pembeni. Akaondoka akipiga mluzi, kofia mkononi.

Wiki iliyofuata alirudi, na kofia ilikuwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

Siku hiyo Sadiki alikuwa kwenye kiti, blichi kichwani, anasubiri. Mzee hakujali tena kuonekana. Alikaa kwenye benchi akanieleza yaliyompata. Mbwa wake mwenyewe alimbwekea getini. Mjukuu wake alilia. Kanisani, anayewaonyesha watu pa kukaa alimwelekeza kwenye benchi la vijana wa kwaya. Hayo yote aliyavumilia. Lakini walipokuja wageni nyumbani, kijana aliyekuwa anagawa kahawa ya kutafuna, zile punje tunazompa mkubwa kwanza, alimpita yeye na kwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, Ta Byabato, kwa kuwa Ta Byabato alikuwa na mvi.

Nikamuuliza Ta Byabato alifanyaje.

"Alizipokea," akasema mzee. "Akatafuna polepole."

Mngecheka, na Sadiki alicheka. Lakini jambo lenyewe lilikuwa zito. Ta Byabato na wanawe walikuwa wanataka kuuza kipande cha kibanja, shamba la migomba la ukoo, kilicho kando ya barabara. Kipande hicho kilikuwa sehemu ya Deo, mtoto wa Ta Byabato, lakini ndani yake kulikuwa na makaburi ya wazazi wao, na kaburi la mke wa Ta Rwegasira. Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi inayokuja. Ta Rwegasira alikuwa ndiye mtu pekee ambaye neno lake lingeweza kuzuia, na sasa hata kahawa hawampi.

"Nirudishie mvi zangu," akaniambia.

Nikamweleza ukweli, kama ninavyowaeleza nyie sasa. Nyeusi haisuuziki. Njia nzuri ni kunyoa yote na kusubiri ziote zenyewe. Akatikisa kichwa. Kwetu, mtu mzima akinyoa kipara ghafla, watu wanajua amefiwa.

"Nilinyoa siku ile tulipomzika mama watoto," akasema. "Sinyoi tena kwa ajili ya upuuzi wangu."

Nikamwambia basi imebaki blichi, ila blichi ikikutana na piko haiendi kwenye weupe. Inapitia wekundu, inapitia rangi ya chungwa, na inasimama inapotaka yenyewe. Nikamwambia mara ya kwanza na mara ya pili, na nikamwita Sadiki awe shahidi. Mzee akasema nipake. Nikajaribu kwanza kwenye kishungi cha nyuma, kikatoka cha rangi ya kutu. Nikamwonyesha. Akasema labda mbele itakuwa nafuu.

Mbele haikuwa nafuu. Tulipomsuuza, kichwa cha Ta Rwegasira kilikuwa na rangi ya mawese. Nilitamani kuendelea lakini ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, na ngozi ikishalalamika unaacha, hata mteja apige magoti. Wala piko tena huwezi kumwekea, utamchoma. Alikaa akijitazama kwenye kioo, ule ufa wa kwenye kona ukipita kwenye sikio lake. Sadiki akamwangalia kwa heshima ya kweli kabisa.

"Mzee, umetokelezea," akamwambia. "Unavua kisiwa gani?"

Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa Kamachumu. Mzee aliniomba nije niwaeleze ndugu zake kwamba ile ilikuwa ajali ya dawa, hajarukwa na akili. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Tulikuta watu wamejaa uani, wamekaa kwenye mabenchi na mikeka, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, Ta Byabato kwenye kiti cha mbele kabisa. Alikuwa amekaa kama mtu aliyezaliwa kwenye kile kiti. Ta Rwegasira alikaa kwenye kigoda pembeni, kofia kichwani, na nilianza kuamini kwamba tutaimaliza siku na kofia mahali pake.

Nilisahau sala. Katekista akasimama, akasema tuombe, na kila mwanamume akavua kofia. Ta Rwegasira naye akavua.

Nimepaka vichwa vingi maishani mwangu, lakini sijawahi kukiona kimoja kikifanya kazi kama kile. Jua lilikuwa limemwelekea. Katekista alifika kwenye mkate wetu wa kila siku akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Kisha mtoto mmoja kwenye mikeka akacheka, na baada ya mtoto hakuna aliyebaki. Wanawake walijifunika nyuso kwa khanga. Kuna bibi mmoja alilazimika kusaidiwa kuinuka.

Ta Byabato peke yake hakucheka. Alingoja, kisha akasema kwa sauti ya kusikitika kwamba kaka yake ni mgonjwa, kila mmoja amejionea, na mtu mwenye kichwa cha mvuvi hawezi kuusemea ukoo. Akapendekeza waendelee na habari ya kuuza.

Nikainuka kutoa ushahidi wangu, lakini Ta Rwegasira akanionyesha kwa mkono nikae. Akasimama yeye. Akawauliza kama wamemaliza kucheka. Wengine walikuwa bado, akawasubiri.

"Nyeusi nilipaka kwa ajili ya mwanamke," akasema. "Hii nimepaka kwa ajili yenu, nikitaka mnione mzee tena. Sasa sina ya kupaka. Ni mimi tu. Nani hapa anaweza kunionyesha kaburi la mama yetu lilipo?"

Watu wakamtazama Ta Byabato. Ta Byabato akatazama migomba. Alionyesha upande mmoja, akabadilisha, akasema pamekua, majani ni mengi.

Basi Ta Rwegasira akaingia kwenye migomba na sisi sote tukamfuata. Kibanja kile ni kikubwa na migomba yake ni minene, kwa kawaida mngepoteana, lakini siku hiyo hakuna aliyepotea. Hata ukibaki nyuma unafunga kiatu, ukiinua macho unaona kile kichwa kinang'aa mbele katikati ya kijani. Alitupitisha kwenye milamula, ile mimea tunayopanda mipakani, akitaja aliyepanda kila mmoja. Akasimama mahali ambapo mimi niliona majani matupu, akayafyeka kwa mguu, yakatokea mawe. Hapa baba. Hapa mama. Akasogea hatua chache, akasimama tena. Hakutaja jina la mkewe, na hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo Deo aliposogea mbele. Huyu ni mtoto wa Ta Byabato, mwenye kile kipande. Kijana wa ufundi wa pikipiki, mpole. Nilikuwa simjui, lakini nilipomtazama nywele jicho langu la kazi liliona kwenye ncha mabaki ya dhahabu ya zamani.

"Baba mkubwa," akasema, "Krismasi iliyopita nilikuja mezani kwako na kichwa kama hicho. Ulinifukuza mbele ya watu. Ulisema sina ukoo."

Ta Rwegasira alisimama na kofia yake mkononi, na nikaona anatafuta neno, kama mtu anayepapasa mifuko. Angeweza kusema mimi ni mkubwa wako. Wengi wangesema hivyo.

"Ni kweli nilisema," akamjibu. "Sikujua ilivyo kutazamwa hivi. Nimekosa, mwanangu."

Deo akatazama chini. Akamwuliza kama blichi ilimwasha. Mzee akasema iliwasha kama upupu. Deo akasema ya kwake pia, na kwamba dawa yake ni mafuta ya nazi, atampelekea jioni. Kisha akamgeukia baba yake na kumwambia kwamba sehemu ile haiuzi. Alisema alitaka kuiuza kwa kuwa aliambiwa hana ukoo, na mtu asiye na ukoo hahitaji makaburi.

Ta Byabato alibaki amesimama akikuna mvi zake. Tuliporudi uani, kijana wa kahawa ya kutafuna alifika na kikapu chake, akatazama kichwa kimoja, akatazama kingine, akaogopa. Akaweka kikapu chini katikati yao na kuondoka. Ta Rwegasira akachukua punje, akamkabidhi mdogo wake, kisha akachukua zake. Walitafuna bila kutazamana, lakini walikuwa benchi moja.

Mimi nilirudi Bukoba bila kutoa ushahidi wowote, gauni la Pasaka likiwa na matope mpaka magotini.

Mnadhani habari kama ile ilinisubiri nifike? Jumatatu mchana, saluni imejaa, mmoja yuko kwenye draya, wawili wanasukwa, Ma Advera akaingia. Mchana, mlango wa mbele. Hajawahi kuja saa hiyo hata siku moja. Nikaenda kuvuta pazia, akaniambia niache.

Akakaa kwenye kiti na kuniambia kwamba Ta Rwegasira alipita dukani kwake Jumapili baada ya misa, na kichwa chake kile, bila kofia, barabara nzima ikimtazama. Hakununua kitambaa. Alisema anaitwa babu na ni babu kweli, ana wajukuu, na kwamba kile kichwa kilikuwa kwa ajili yake, ingawa mambo yalikwenda kombo. Halafu akamuuliza kama atamkubali.

"Umemjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia anipe siku moja," akasema Ma Advera. Akafungua kitambaa chake, akakiweka mapajani. "Nilimwonea aibu, Ma Koku. Si yeye. Nilijionea aibu mimi. Yeye amekuja kwangu hivyo alivyo, na mimi nimekaa pale nimejifunga. Toa hii nyeusi."

Nikamwambia anajua vizuri kwamba nyeusi haitoki. Draya ilikuwa imezimwa. Wale wawili walikuwa wameacha kusukwa na anayewasuka ameacha kusuka.

"Basi kata," akasema. "Kata mpaka unikute."

Nikachukua mkasi. Nilimkata kwa utulivu, kwa kitana, nikifuata mizizi, maana piko yake ilikuwa na majuma kadhaa na chini kulikuwa kumeshaota. Nywele nyeusi zilianguka sakafuni na chini yake ukatokea weupe, mfupi, laini, umemzunguka kichwa chote. Yule wa kwenye draya alianza kulia, sijui kwa nini, alikuwa amekuja kwa ajili ya kuseti tu.

Ma Advera alijitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kiganja nyuma ya shingo kama mtu anayesikia baridi. Halafu akaniuliza kama magari ya Muleba yanapita Kamachumu mchana ule au asubuhi tu. Nikamwambia yapo mpaka jioni. Akasimama, akatoka na kumwita bodaboda aliyekuwa chini ya mti, akapanda. Kitambaa chake alikisahau kwenye kiti. Nilitoka nacho mbio, lakini walikuwa wameshashika barabara ya stendi, na kichwa chake niliweza kukiona mpaka wanakata kona.